Kioo Kilichooshwa Mchangani

Jumapili iliyopita mliniuliza tena, mkiwa na vitabu vya nyimbo kwapani: "Nduku, huko Kitui ulienda kufanya nini hasa?" Nami nikajibu kama ninavyojibu tangu nirudi: "Ilikuwa safari nzuri tu." Nisameheni. Mnanijua, siwezi kusimulia jambo nusu. Na kulisimulia lote nikiwa nimesimama mlangoni mwa kanisa kungenifanya nijisahihishe kila baada ya sentensi mpaka chakula chenu kipoe nyumbani. Kwa hiyo nimeandika. Nimeandika, nikachana, nikaandika tena, na hii naitoa haraka kabla mkono haujawasha tena.

Kwanza mjue tulikuwa tunatafuta nini.

Miaka michache nyuma setilaiti ilirushwa kutoka baharini, upande wa Malindi, kwenda kutafuta eksirei. Si zile za hospitali. Kuna vitu mbinguni vinavyotoa eksirei kwa nguvu ya kutisha, na sisi huku chini hatuzipati kwa sababu hewa inazizuia. Setilaiti ilizipata, lakini macho yake si makali. Ni kama mtu anayesikia mbuzi akilia zizini: anajua sauti imetoka kona ile, ila ni mbuzi yupi, hajui. Kwa kila chanzo setilaiti huonyesha kisehemu kidogo cha anga, na humo mna nyota nyingi zilizokaa pamoja bila kusema neno.

Basi ni ipi? Hapo ndipo darubini inapoingia. Unachukua mwanga wa nyota moja moja, unaupitisha kwenye prizimu, mwanga unatandaa kuwa utepe wa rangi. Kwenye utepe huo mna mistari. Nyota ya kawaida ina mistari ya giza. Lakini nyota iliyozungukwa na gesi ya moto, na yenye jirani mzito asiyeonekana anayeinyonya gesi hiyo, mara nyingi huwa na mstari unaong'aa mahali ambapo wenzake wana giza. Ukiipata hiyo umempata mbuzi wako.

Daktari Mwanzia ni mtoto wa Mbooni anayefundisha fizikia Nairobi. Alikuja studio ya mjomba hapa Nunguni kusafishiwa picha ya mama yake, akaona juu ya kabati boksi langu la kadibodi lenye kipande cha prizimu, lile ambalo nyinyi mliliita mtego wa panya. Akachungulia dirishani kwa boksi hilo kwa muda mrefu. "Nani alikufundisha?" Nikasema kitabu, na kile kitabu hakina jalada wala sura ya mwisho. Akaniomba niende naye kuosha picha za nyota, kwa sababu ngozi yake inazikataa dawa za picha: akizigusa vidole vinapasuka mpaka damu. Nilikubali nikitabasamu. Kisha nikaingia chumba cha giza, nikafunga mlango, nikalia kwa hofu.

Nunguni hadi Wote

Daktari alitangulia na darubini. Mimi nilifuata na pikapu ya kazi, iliyoendeshwa na Bwana Kilonzo, mtu wa makamo, mzaliwa wa upande wa Mwingi, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata jua likiwaka. Mapajani nilibeba sanduku la vioo vya picha. Ndiyo, vioo. Picha za nyota hupigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa, si juu ya filamu, maana filamu hujikunja. Nilikuwa nimelifunga sanduku kwa blanketi mbili na shuka ya mama.

"Nduku," Kilonzo akasema tulipoanza kuteremka, "huyo mtoto ananyonya saa ngapi?"

"Si mtoto, ni vioo."

"Naona unamfunika kichwa."

Nilikuwa na kipimajoto kifuani kama wengine wanavyovaa msalaba. Kule juu kwetu ukungu ulikuwa bado umekaa kwenye migomba, na kipimajoto kilinifurahisha. Kila kona tuliyoteremka zebaki ilipanda. Nilikisoma, nikakirudisha, nikakitoa tena. Kilonzo akauliza kama gari lina homa.

Pale Wote tulikula nduma alizofunga mama, tumeegemea bodi ya gari. Kilonzo alimaliza zake, akaniangalia nikizungusha kipande mkononi bila kukila. "Mwanangu, hata nyota zinangoja mtu ashibe," akasema. Nilikula kwa aibu. Ninawaambia haya ili mjue kwamba tangu mwanzo kabisa, kabla hata ya jambo lolote kuharibika, mimi nilikuwa tayari nimeshaharibika.

Wote hadi Kitui

Kabla ya kufika mto Athi gurudumu lilipasuka, na tulipotoa la akiba tukakuta nalo limelala. Kilonzo akapata lifti ya lori hadi soko la karibu, akilikumbatia gurudumu. Mimi nikabaki na sanduku, na jua, na mti wa mwiba usio na kivuli cha kutosha.

Akaja mama mzee amebeba kuni mgongoni kwa ukanda wa kichwani. Akazitua, akakaa kwenye ile nusu ya kivuli, akanitazama. Hakuniuliza ninaenda wapi. Aliuliza kwanza, "Wewe ni wa nani?" Nikataja baba. Akatikisa kichwa, hamjui. Akauliza kilima gani, nikasema. Akauliza mbai, yaani ukoo. Nikaitaja mbai ya baba yangu, na uso wake ukafunguka kama mlango.

"Aa! Basi wewe ni mama yangu."

Mimi! Alikuwa anaweza kumzaa bibi yangu. Lakini mama yake mzazi alitoka katika mbai yetu, kwa hiyo kwa hesabu ya Wakamba mimi, mtoto wa juzi, ni mama kwake. Akafungua kibuyu chake, akanipa uji mchachu, akasema, "Kunywa, mama, usije ukazimia ukaniacha yatima." Akacheka mpaka akashika mbavu.

Nilikunywa. Ulikuwa na ubaridi wa ajabu kwa siku ile. Na nikawaza jambo ambalo limebaki nami: yule mama hakunijua kabisa, lakini kwa maswali matatu alikuwa ameniweka mahali pangu. Hakuhitaji kuniona nikifanya lolote. Alinilinganisha tu na watu anaowajua. Daktari naye alikuwa amenieleza kwamba kazi yetu itakuwa hivyo hivyo: kando ya utepe wa nyota tusiyoijua tutapiga utepe wa nyota tunayoijua vizuri, ili mistari ya mgeni isomwe kwa mistari ya mwenyeji.

Kilonzo alirudi na gurudumu, na hindi la kuchoma mfukoni lililoniachia masizi kwenye shuka ya mama. Tuliingia Kitui taa za maduka zikiwashwa, tukala chapati na maharagwe, tukalala kwa shangazi yake Kilonzo. Sanduku nililiweka ndani ya beseni la maji lisipate joto, nikalala nimelikumbatia, na shangazi akawaambia majirani kwamba mgeni wake anaatamia.

Kitui hadi Mwingi

Mwingi ilikuwa siku ya mnada. Ng'ombe walijaza barabara, malori ya Garissa yalipiga honi bure, na sisi tukakaa katikati bila kwenda mbele wala nyuma. Kilonzo alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, rafiki yake wa zamani, kwamba tunatafuta eksirei. Tulipokaa hotelini kula nyama, mchunga mbuzi mmoja mzee, mrefu, mwenye blanketi begani, akasimama mbele yangu akafungua shati.

"Nasikia mna eksirei. Niangalie hapa. Nakohoa tangu mvua ya mwaka jana."

Nikapigwa na haya. Nikamweleza, vibaya, kwamba si za watu, ni za mbinguni. Akafunga shati polepole, kifungo kwa kifungo, akifikiri.

"Mbinguni? Sasa anga inaugua nini?"

Watu wote wakangoja jibu langu. Nikasema hatujui bado, ndiyo tunaenda kuangalia. Akaridhika kabisa. "Mkijua, mpitie hapa mtuambie," akasema. "Sisi ndio tunakaa chini yake." Kilonzo akamnunulia chai, akamwandikia mahali pa kwenda hospitalini kwa kile kikohozi, na mzee akaahidi kwenda.

Mwingi hadi mlimani

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tulipopoteza usiku mzima.

Kutoka Mwingi kuelekea Nuu kuna barabara iliyonyooka kiasi, na Daktari alikuwa anatungoja juu ya mwamba mpana wa mlima usio mbali nayo. Anga ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Tungefika jioni, tungepumzisha vioo, na alfajiri tungepiga picha, kwa kuwa kundi letu la nyota huchomoza mashariki kabla ya kucha. Tulikuwa na siku chache tu. Darubini ilikuwa ya kuazima.

Kilonzo akaiacha barabara. Akaingia kijia cha ng'ombe, vichaka vikikwaruza milango.

"Tunaenda wapi?"

"Huku."

"Barabara si ile?"

"Ile pia ni barabara."

Mtu aliyenichokoza njia nzima sasa hakuwa na neno. Tukazunguka vilima viwili, tukashuka kwenye mto Enziu mahali pasipo na kivuko, na katikati ya mchanga gari likazama mpaka bodi. Tulichimba, tukatandika matawi, tukasukuma. Vijana wa ng'ombe walikuja, wakatucheka kwanza kama ilivyo haki yao, kisha wakasukuma nasi. Tulipofika juu mlimani kulikuwa kumekucha. Daktari alikuwa amekaa kwenye kiti cha turubai kando ya darubini yake, na anga iliyokuwa nyeusi na safi usiku kucha ilikuwa imegeuka ya bluu.

Nilishindwa kujizuia. Nikamwambia Daktari kila kitu, mbele ya Kilonzo mwenyewe: kijia, vilima, mchanga. Nilisema maneno ambayo msichana hamwambii mtu wa umri wa baba yake. Kilonzo alisimama akiangalia kofia yake, safari hii ameivua.

Daktari akamuuliza kwa upole, "Ni nani?"

Kilonzo akajibu, akitazama chini, "Nyumba ile ya kando ya barabara. Yule aliyenipa mke. Jioni hukaa nje."

Daktari akaguna. "Hata mimi ningezunguka," akasema, akaenda kuchemsha chai.

Nikabaki nimesimama. Mimi ni Mkamba, najua nthoni ni nini. Najua mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake, hapiti kijia kimoja naye, hataji jina lake. Nimeona mjomba wangu mwenyewe akiruka ua wa michongoma. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa vioo na digrii, haikunijia hata mara moja kumuuliza dereva wangu kwa nini amenyamaza. Na yeye asingeweza kunieleza bila kumtaja asiyetajwa.

Juu ya mwamba

Alfajiri iliyofuata anga ilikuwa nasi. Siwezi kuielezea vizuri na sitajaribu kwa muda mrefu. Kutoka pale, karibu na katikati ya dunia, unaona nyota za kaskazini na za kusini kwa pamoja, na hakuna taa ya mtu mpaka upeo wa macho. Daktari aliniruhusu niweke jicho. Zile nyota nne alizozichagua ndani ya kisehemu cha setilaiti zilikuwa vitone vidogo, hafifu, sawasawa kama punje za mtama. Kwa jicho tu hakuna iliyotofautiana na wenzake. Alizipiga zote juu ya kioo kimoja, utepe chini ya utepe, na katikati akaipiga nyota ile tunayoijua. Mikono yake ilifanya kazi kama ya mama anayesuka kikapu cha kyondo: hakuiangalia.

Kulipokucha akanikabidhi kisanduku cheusi chenye kile kioo.

"Kesho ni siku yetu ya mwisho," akasema. "Nitachagua nyota moja tu, niipige kwa muda mrefu. Ni ipi, utaniambia wewe."

Kioo kimoja. Nikikiharibu, kesho angechagua kwa kubahatisha, na darubini ingerudi Nairobi.

Sikukigusa. Nilichukua kwanza kioo kitupu, nikakiosha kwa majaribio ndani ya hema langu la giza. Dawa inataka maji ya digrii ishirini. Mapipa yetu yalikuwa yamekaa juu ya mwamba ule uliohifadhi jua la jana usiku kucha, na maji yalikuwa kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nilikitoa kioo, na ile dawa iliyopakwa juu yake ikateleza, ikakunjamana, ikaanguka vidoleni mwangu kama utando wa maziwa.

Nilitoka nje nikakaa juu ya jiwe. Jua lilikuwa linapanda. Nawaambia ukweli, niliomba mvua, niliomba kuugua, niliomba kioo kile kivunjike chenyewe ili isiwe mimi.

Kilonzo akaja akachuchumaa mbali kidogo. Hatukuwa tumesemezana tangu jana.

"Unataka maji baridi?"

"Nataka mahali baridi. Na giza."

Akatazama upande wa barabara. "Iko," akasema. "Lakini utaenda wewe kuuliza. Mimi nitasimama mbali."

Mchanga wa Enziu

Nyumba ilikuwa kando ya barabara kama alivyosema, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na mto wa mchanga. Kilonzo alisimamisha gari mbali na akageuka kutazama upande wa pili. Nilikwenda peke yangu na sanduku langu.

Mama mwenyewe alikuwa anapepeta pojo. Mwembamba, mwenye shingo ndefu, na macho yaliyoniona nikiwa bado barabarani. Nilimwita susu, yaani bibi, nikamwamkia. Naye, kabla sijasema shida yangu: wa nani, kilima gani, mbai gani. Nikajibu yote matatu kwa mfululizo, maana sasa nilikuwa nimezoea mtihani huo. Akanisogezea kigoda na ndizi.

Nikamweleza. Nilieleza sana, na prizimu na gesi na jirani anayenyonya. Alisikiliza akiendelea kupepeta. Mwisho akasema, "Kwa hivyo una kitu ambacho kitaharibika kikipata joto. Kama maziwa."

"Ndiyo, susu."

"Maziwa tunazika."

Akasimama, akafunga leso vizuri, akanipeleka mtoni. Mchanga wa juu uliunguza miguu. Visima vyao vilikuwa katikati ya mto, mashimo marefu yaliyozungushiwa miiba, na wanawake wawili walikuwa ndani wakichota. Nikatazama ule ubaridi wa chini nikautamani. Kisha nikakumbuka dawa zangu. Nikamwambia siwezi kuosha hapa, dawa hizi ni sumu, na haya ni maji ya kunywa.

Kwa mara ya kwanza alinitazama kwa namna ya kunipenda. "Vizuri," akasema. "Basi shimo jipya. Chini kule, karibu na ule mwamba uliokatiza mto, maji hayarudi juu. Nani atachimba?"

Nikageuka. Mbali, nyuma ya gari, kofia ya sufu ilikuwa inaonekana kidogo.

Susu akageuza mgongo kabisa kuelekea upande ule, akauambia mto kwa sauti kubwa: "Kama kungekuwa na mtu mwenye nguvu hapa karibu, angechukua jembe lililoegemea ghala langu."

Kutoka nyuma ya gari, sauti ikaiambia milima: "Nduku, mwambie mwenye jembe kwamba mtu huyo anakuja, kama njia itakuwa wazi."

"Mwambie njia iko wazi. Mimi naangalia miiba yangu."

Wako umbali wa kusikiana kukohoa, na mimi nimesimama katikati kama waya wa simu. Kilonzo akapita kando ya ukingo ameshusha kofia mpaka puani. Akachimba. Mama mkwe alikaa juu ya ukingo, ametupa mgongo, na kila mara akaiambia miiba: "Mtu akichimba wima hivyo, mchanga utamfunika. Angekata ngazi." Na shimoni ngazi ikaanza kuonekana. "Mtu huyo amekula leo?" "Mwambie amekula." "Mwambie sikuuliza ili aniongopee." Mwisho akaniagiza nikachukue isyo jikoni, mahindi na maharagwe yaliyolala kwenye sufuria, nikampelekea aliye shimoni, na yeye asijue imetoka wapi. Kilonzo alikula akiwa amesimama mchangani mpaka kifuani, machozi yakimtoka. Alisema ni jua.

Aliponyoosha mkono kunipa jembe, niliteremka. Mchanga wa chini ulikuwa mweusi, umelowa, baridi kama kisogo cha chura. Nikazika chupa za dawa mpaka shingoni. Juu wakatandaza ngozi ya ng'ombe, turubai, na blanketi, na susu akaziba kingo kwa mchanga kwa mikono yake. Giza likawa giza. Nilisubiri kwa kidole juu ya chupa kwa sababu gizani kipimajoto hakisomeki, na hilo ndilo nataka mnisamehe kulirudia: mimi, ninayepima maji ya chai, nilipima kwa kidole. Kidole kiliposema sasa, nikafungua kisanduku.

Nilihesabu kwa wimbo wetu wa kwaya, ule mrefu, beti zote, polepole. Nje niliisikia sauti ya susu ikiwaambia wanawake wa kisimani wasipite karibu, kuna mtu anajifungua nyota. Wakacheka. Kisha mmoja akaanza kuimba nami kutoka juu, maana na wao ni watu wa kanisa, na wimbo walikuwa wanaujua.

Nilipofunua turubai jua lilinipofusha. Nikakiinua kioo. Dawa ilikuwa imeshika. Haikuwa imeteleza.

Lakini nikaona mkwaruzo. Chembe moja ya mchanga ilikuwa imeingia, ikachora mstari mweupe mwembamba kutoka ukingoni hadi ndani. Nilisema kwa sauti, "Nimekiharibu."

Daktari alikuwa ameshuka mlimani kwa miguu; hakuweza kungoja. Alikichukua kioo kwa kingo zake, akakielekeza mbinguni, akaweka kioo cha kukuzia jichoni. Kisha akanipa.

Kwenye kioo cha aina hii mambo hugeuka, kinachong'aa angani huwa cheusi. Utepe wa kwanza, mistari ya kawaida, sawa na ya nyota mwenyeji. Wa pili vivyo hivyo, na mkwaruzo wangu ukipita juu yake. Wa tatu vivyo hivyo. Wa nne ulikuwa na mstari mmoja wa haidrojeni, pale pale ambapo wenzake walikuwa na uwazi, umesimama mweusi, mwembamba, mkali, kama unywele uliowekwa na mtu.

"Mkwaruzo," nikasema.

"Uko kwa wa pili," Daktari akasema. "Huyu hukumgusa, Nduku. Mwangalie. Huyu hukumgusa."

Kurudi

Alfajiri ya mwisho aliipiga ile ya nne peke yake, kwa muda mrefu, na mimi nikashuka tena kwenye shimo letu. Mstari ulikuwepo, na mingine miwili hafifu kando yake. Daktari anasema bado wengine wataiangalia kwa darubini kubwa, kuona kama inayumba huku na huku kama kitu kinachovutwa na jirani asiyeonekana, na mpaka hapo atasema "inaelekea" na si "ndiyo". Nilimpenda kwa neno hilo. Dawa zilizotumika tulizirudisha kwenye chupa, tukaondoka nazo, na shimo Kilonzo akalifukia mwenyewe, akalisawazisha kwa mguu.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kumuaga susu. Nilimwonyesha kioo dhidi ya anga, nikamwonyesha wa nne.

"Anaitwa nani?"

"Hana jina, susu. Wamempa namba tu."

"Mbai yake?"

Nikafikiri. "Ni wa wale wenye mstari unaong'aa. Wanaokaa na jirani asiyeonekana."

"Basi anajulikana," akasema, akarudi kwenye pojo zake. Kisha, akiziambia pojo: "Mtu akirudi Mwingi, mchanga wa kule alikozama juzi umelainika zaidi. Barabara ni nzuri. Mimi jioni ya leo nitakaa nyuma ya nyumba."

Nilimpelekea Kilonzo ujumbe huo, neno kwa neno. Alivaa kofia, akawasha gari, akashika barabara iliyonyooka. Tulipoikaribia nyumba alipunguza mwendo mpaka gari likawa kama linatembea kwa miguu, macho yake yakiwa mbele kabisa. Uani hapakuwa na mtu. Kwenye kigoda mlangoni palikuwa na kibuyu cha uji, kimefunikwa kwa jani. Nilishuka nikakichukua. Kilikuwa na mchanga mbichi pande zote, na baridi.

Mwingi tulimtafuta mchunga mbuzi tukamwambia kwamba kati ya nne tumeshika moja. Akauliza kama itapona.

Mtaniuliza, najua, jina la yule mama ili mwandike kwenye maombi. Sina. Kilonzo hawezi kulitamka, na mimi mbele yake sikuthubutu kuuliza. Njia yote ya kurudi niliwaza kwamba hili ni pengo, kwamba masimulizi bila jina ni kazi yenye mkwaruzo, na nilikuwa karibu kumwomba Kilonzo ageuze gari. Sikumwomba. Mwombeeni tu hivyo: yule wa kando ya Enziu, anayezika maziwa. Atajulikana.